Vikombe Viwili vya Wanza

Faiza alipopata kazi ya uuguzi, baba yake ndiye aliyemshonea sare. Mzee Habibu alikuwa fundi cherehani mjini Machakos. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya msikiti, na watu walimsifu kwa suruali zisizopasuka. Lakini sare ya binti yake aliikata kubwa. Mabega yalining'inia na pindo lilikuwa nene, utadhani msichana wa miaka ishirini na mitatu bado ataongezeka urefu.

"Baba, hili ni gunia," Faiza alisema.

"Utalizoea. Kazi ni ya miaka mingi," Mzee Habibu alijibu. "Na kwa mahamri ya mama yako, utalijaza tu."

Mama Halima alisikia akiwa jikoni, akacheka. Wote watatu walikuwa na furaha asubuhi ile.

Ulikuwa mwaka 2000, mwaka wa ukame na mgao wa umeme. Faiza alipangiwa nasari. Hivyo ndivyo walivyoiita wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati, au waliozaliwa wakiwa wagonjwa. Wenzake waliosoma naye walitaka wodi nyingine. Yeye alifurahi. Alisema watoto wachanga hawagombani na muuguzi, hawatoroki, wala hawaombi sigara. Faiza alikuwa mwepesi wa huruma na mwepesi wa maneno ya kutuliza watu. Hayo maneno ndiyo yaliyomponza.

Nasari ilikuwa chumba kimoja chenye joto. Kwenye korido kulikuwa na dirisha kubwa la kioo. Akina mama walilala wodi ya pili, ng'ambo ya korido. Siku zile hawakuruhusiwa kuingia. Walisimama nje na kuchungulia, kama watu wanaotazama vitu dukani. Maziwa waliyakamua kwa mkono kwenye vikombe vidogo, kisha muuguzi akaja kuyachukua.

Msimamizi wa nasari alikuwa Sista Nthambi, mama mmoja mnene, mpole, asiyependa haraka. Siku ya kwanza alimsimamisha Faiza kwenye sinki.

"Nawa mikono," alisema.

Faiza akanawa.

"Bado. Sabuni mpaka kwenye viwiko. Katikati ya vidole. Chini ya kucha. Huyu mtoto hana nguvu ya kupigana na uchafu wako."

Faiza akanawa tena. Sista Nthambi akamwonyesha jinsi ya kumnywesha mtoto kwa kikombe. Unamwinua kidogo, unaweka ukingo wa kikombe kwenye mdomo wake, unamwacha alambe mwenyewe.

"Usimwagie, atapaliwa. Na chupa hatutaki hapa. Chupa ni ngumu kuosha, inakaa na wadudu. Kofia nayo isitoke kichwani. Mtoto mdogo hupoteza joto kwa kichwa."

"Na mama zao, Sista? Kwa nini hawaingii?"

Sista Nthambi alipumua kwa nguvu. "Nimeomba viti vya mama zao tangu mwaka jana. Naambiwa nisubiri. Lakini nitavipata."

Haikupita wiki nyingi, Wanza akaletwa kutoka Ndithini. Alikuwa mke wa Muindi, mkulima wa mahindi na mbaazi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na ilikuwa ya mapacha. Uchungu ulimshika kabla ya miezi kutimia. Msichana alizaliwa kwa njia ya kawaida. Mvulana alikuwa amelala vibaya tumboni, ikabidi mama apasuliwe. Wanza alipozinduka, watoto wote wawili walikuwa wamekwisha kupelekwa nasari. Yeye hakuweza hata kuketi.

Faiza alimpelekea vikombe viwili akamfundisha kukamua. Matone ya kwanza yalikuwa mazito, ya manjano.

"Ni machafu?" Wanza aliuliza.

"Hapana! Hayo ndiyo ya maana sana. Yanamkinga mtoto na magonjwa. Usimwage hata tone."

Wanza alichomoa uzi mwekundu kwenye ukingo wa leso yake. Akaufunga kwenye sikio la kikombe kimoja.

"Hiki cha uzi ni cha kijana," alisema. "Ndiye mdogo, ama?"

"Ndiye mdogo."

"Basi mpatie yeye kwanza. Ako na nywele?"

"Ako na nywele nyingi sana. Zinatoka nje ya kofia."

Wanza akatabasamu, akafumba macho. Alikuwa na umri karibu sawa na wa Faiza.

Jumamosi iliyofuata, Sista Nthambi alikuwa amekwenda kwao Kithyoko kwenye mazishi. Asubuhi, mvulana wa Wanza alianza kuchoka. Mapafu yake yalikuwa hayajakomaa. Kila pumzi ilimvuta mbavu ndani. Daktari aliitwa, akaja mbio, akafanya yote yaliyowezekana. Kisha akamwangalia Faiza na kutikisa kichwa. Faiza alimtoa mtoto kwenye mashine ya joto akamshika mikononi. Mtoto alipumua kidogo, akapumzika, akapumua tena. Halafu hakupumua.

Kilikuwa kifo cha kwanza Faiza kukishuhudia akiwa kazini. Alijifungia kwenye stoo ya mashuka akalia mpaka kichwa kikamuuma.

Muindi na mama yake walifika saa ya kuona wagonjwa. Mama huyo aliitwa Kasyoka, bibi mrefu, mkavu, mwenye macho makali. Faiza aliwapa habari koridoni. Muindi aliegemea ukuta. Kasyoka akamshika Faiza mkono.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, nisikie. Usimwambie Wanza."

"Lakini Susu, ni mtoto wake," Faiza alisema. Alimwita Susu kama Wakamba wanavyomwita bibi.

"Amepasuliwa. Akisikia, maziwa itakauka. Na yule msichana atafuata ndugu yake. Unataka tuzike wawili?"

Faiza aliangalia mlango wa wodi ya pili.

"Tena huyu hakuwa amepewa jina," Kasyoka aliendelea. "Kwetu mtoto akiwa hajapewa jina, wanawake wanamzika polepole, kimya. Halii mtu. Nitamwambia Wanza mimi mwenyewe, akifika nyumbani."

Faiza alimgeukia Muindi. "Na wewe baba yake, unasemaje?"

Muindi aliangalia viatu vyake. "Fanyeni vile mama anasema."

Wakampokea mtoto amefungwa kwenye shuka, wakaondoka. Na Faiza akakubali. Alikubali kwa sababu ya huruma, na pia kwa sababu ya woga. Tuseme ukweli, woga ndio uliokuwa mwingi. Nani anataka kwenda kumwambia mama neno kama hilo?

Jioni alikwenda kuchukua maziwa. Wanza alikuwa amekwisha kuyakamua. Vikombe viwili vilikuwa juu ya kabati, kimoja na uzi mwekundu.

"Wanaendeleaje, Sista?"

"Wanaendelea."

Neno moja tu, na lilipita kirahisi. Lakini uongo ukishaingia unataka kulishwa kila siku. Jumapili Wanza aliuliza, "Kijana amekunywa yote?" Faiza akasema amekunywa yote. Jumatatu akauliza, "Amefungua macho?" Faiza akasema amefungua. Msichana alikunywa maziwa ya kikombe chake. Kikombe chenye uzi Faiza alikimwaga kwenye sinki. Angeweza kumwekea msichana yale maziwa, lakini mkono wake ulikataa. Yalikuwa na mwenyewe. Kila alipomwaga alifungulia mfereji maji mengi, ili asisikie maziwa yakianguka.

Jumatano asubuhi Wanza alijisikia ana nguvu. Faiza alipotoka na vikombe, yeye alishuka kitandani taratibu. Alishika ukuta kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili. Alitaka kuwaona watoto wake kwa mara ya kwanza. Hakumwambia mtu, alitaka kuwashangaza. Alifika kwenye mlango wa nasari, na mlango ulikuwa wazi.

Faiza alikuwa kwenye sinki, ameinamisha kikombe chenye uzi mwekundu.

"Sista," Wanza alisema. "Hayo ni ya kijana."

Faiza aligeuka. Maji yaliendelea kumwagika. Wanza alitazama ndani, akaona mashine moja inayowaka na mtoto mmoja ndani yake. Mashine ya pili ilikuwa imefunikwa kitambaa.

"Mwingine ako wapi?"

Faiza alitafuta neno la kutuliza. Yale maneno yake mepesi yalimkimbia yote.

"Alifariki," alisema. "Jumamosi."

"Leo ni siku gani?"

"Jumatano."

"Jumapili ulisema amekunywa yote," Wanza alisema polepole. "Jumatatu ukasema amefungua macho."

Akaketi chini, pale pale mlangoni, juu ya simenti. Hakulia, na kule kutolia kwake ndiko kulikomtisha Faiza.

Walimrudisha kitandani. Aligeukia ukuta. Faiza alimletea kikombe, hakukigusa. Matiti yalimjaa na kumuuma, lakini hakutaka kukamua.

"Nimkamulie nani?" alisema. "Hata msichana amekufa. Mnanidanganya."

"Ako hai, Wanza. Haki ya Mungu."

"Hata kijana alikuwa hai."

Wauguzi wengine walimweleza, naye akakataa kusikia. Msichana akapewa maziwa ya unga kwa kikombe. Akatapika. Siku hiyo na siku iliyofuata uzito wake ulishuka. Kasyoka alikuja, akatazama vikombe vitupu, akampiga Faiza jicho.

"Si nilisema?"

Faiza alikwenda nyumbani akaivua ile sare kubwa. Akaikunja, akaipeleka kibandani na kuiweka juu ya cherehani ya baba yake, akamweleza yote.

"Sirudi," alisema. "Mtoto mmoja amekufa. Wa pili anakufa kwa sababu yangu."

Mzee Habibu alitoa pini mdomoni.

"Mwanangu, mimi nikikata kitambaa cha mtu vibaya, namwita. Namwonyesha pale nilipoharibu. Anaweza kunitukana, ni haki yake. Nikificha, atakwenda kukivaa Idi mbele ya watu. Wewe umemwonyesha huyo mama?"

"Aliona mwenyewe."

"Aliona mwenyewe. Wewe bado hujamwonyesha."

Asubuhi Faiza aliivaa tena sare yake. Sista Nthambi alikuwa amerudi kutoka Kithyoko na habari alikuwa nayo. Faiza alingoja kufokewa. Sista Nthambi hakumfokea. Alimkalisha kwenye benchi.

"Ulidhani unamwokoa msichana," alisema.

"Susu alisema maziwa yatakauka."

"Sikia vizuri, na siku moja utawafundisha wengine. Majonzi huweza kuchelewesha maziwa kushuka. Siku moja, pengine mbili. Lakini hayayamalizi. Mama akiendelea kukamua, na mtoto akilazwa kifuani pake, maziwa hurudi. Hapa maziwa hayakukauka. Wanza ameacha kukuamini."

Faiza aliinamisha kichwa.

"Mtoto akifa," Sista Nthambi aliendelea, "mwambie mama siku hiyo hiyo. Keti, usisimame mlangoni kama mtu anayetaka kukimbia. Awe na mtu wake karibu. Sema neno lenyewe, amefariki. Usiseme ametutoka kidogo, sijui amepumzika. Halafu nyamaza, umwache alie. Muulize kama anataka kumwona na kumshika. Wengi wanataka. Wakinyimwa, wanamtafuta huyo mtoto maisha yao yote."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda ukakae naye. Halafu umlete hapa."

Faiza alikwenda. Alivuta kiti akaketi karibu na mgongo wa Wanza.

"Wanza, nilikudanganya. Mama mkwe wako aliomba, lakini mdomo ni wangu. Mtoto wako alifariki Jumamosi asubuhi. Nilipaswa kukuita ukamshike. Sikukuita. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nitaelewa."

Wanza hakugeuka.

"Msichana ako hai," Faiza alisema. "Lakini ako na shida, anakuhitaji. Usiniamini mimi. Njoo umshike mwenyewe."

Wanza aligeuka taratibu. Kisha akanyoosha mkono ili asaidiwe kuinuka.

Walipofika nasari, umeme ukakatika. Taa ya mashine ilizimika. Sista Nthambi hakushtuka. Alimnawisha Wanza mikono mpaka viwikoni, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe cha ofisini. Akamvua mtoto nguo zote, akamwachia kofia na nepi. Akamlaza kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, ameelekea chini, miguu imekunjwa kama ya chura. Akawafunga wote wawili kwa leso na kuwafunika blanketi.

"Joto lako halikatiki kama umeme," alimwambia. "Na moyo wako anaujua, ameusikia miezi yote. Kaa hivyo. Angalia tu pua yake isizibwe."

Wanza aliuinamia uso wa mtoto. Ulikuwa mdogo, umekunjamana. Akasikia pumzi kwenye ngozi yake. Kidole kimoja kikajishika kwenye ukingo wa leso.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye kweli."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, akimlilia aliyekufa na aliye hai kwa pamoja, na Sista Nthambi akawazuia wauguzi wasimnyamazishe. Na alipokuwa akilia, maziwa yalianza kutoka yenyewe, yakalowesha leso.

Kasyoka alikuwa amesimama nje ya dirisha. Aliyaona maziwa. Aliingia polepole, akapiga magoti karibu na kiti.

"Nilikosea, Wanza," alisema. "Nilidhani itakauka."

"Mwaitu, mama, kwa nini hukuniacha nimwone?" Wanza alimwuliza mama mkwe wake.

Bibi yule mkavu alifunika uso kwa viganja. "Mimi nilizika wawili hivyo. Kabla ya Muindi. Hawakuwa na jina. Niliambiwa nisilie, nikaamka nikaenda shambani. Mpaka leo sijui walifanana na nani."

Wanza alimshika bega kwa ule mkono uliokuwa huru. Wakalia wote wawili.

Tangu siku ile Wanza alikaa na mtoto kifuani mchana na usiku. Alimkamulia maziwa akamnywesha kwa kikombe mara kwa mara. Mtoto akaacha kutapika. Uzito ukasimama, kisha ukaanza kupanda polepole. Alipopata nguvu ya kunyonya, alinyonya. Sista Nthambi alimchukua daktari mkuu akamleta aone kwa macho yake. Erastus, fundi seremala wa hospitali, akatengeneza viti vinne vyenye mgongo. Mlango wa nasari ukafunguliwa kwa akina mama, mradi wanawe mikono.

Siku ya kuruhusiwa, Sista Nthambi alimwita Muindi pia.

"Nyumbani mtaendelea hivi hivi mpaka mtoto anenepe," alisema. "Asilale jikoni penye moshi. Kila anayemshika anawe mikono. Maziwa ya mama tu, hata maji asipewe. Akikataa kunyonya, akiwa baridi au moto sana, au akipumua kwa shida, msingoje kesho, mleteni. Na mama akichoka, baba afungue shati."

"Mimi?" Muindi alishtuka.

"Wewe huna kifua?"

Ndithini walimcheka sana Muindi, mwanamume mzima anayetembea na mtoto ndani ya shati. Aliwaacha wacheke.

Kazi ya Faiza haikuwa rahisi baada ya hapo. Watoto wengine walifariki, kwa kuwa nasari ni nasari. Lakini kila mara alikwenda kwa mama siku hiyo hiyo, akavuta kiti, akaketi, akasema neno lenyewe. Akawaleta akina mama kuwashika watoto wao. Wengine walimpigia kelele. Mmoja alimsukuma. Wote aliwasubiri mpaka wakamaliza kulia.

Wanza alirudi kliniki msichana akiwa na mashavu. Alikuwa amepewa jina la bibi yake, Kasyoka. Faiza alimpima uzito, akamchezesha kidogo, akamrudishia mama yake. Wanza hakuinuka kwenda.

"Kijana pia tumempa jina," alisema. "Musau, la babu yake. Mama mkwe alinionyesha mahali amelala, chini ya michungwa yetu. Tulikaa hapo, tukalia na yeye."

"Nimefurahi mmempa jina," Faiza alisema.

"Sista, mimi sikumwona. Mama mkwe alimbeba, lakini shuka hakufungua. Wewe peke yako ndiye ulimwona vizuri. Niambie alikuwaje."

Faiza aliketi. Yale maneno mepesi ya kutuliza yalimjia mdomoni, mengi na matamu. Aliyameza.

"Alikuwa na nywele nyingi," alisema. "Hiyo nilikwambia, na ilikuwa kweli. Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja juu kidogo. Vidole vyake vilikuwa virefu."

"Kama vya Muindi."

"Kama vya Muindi. Macho hakufungua. Nilipokwambia amefungua, nilidanganya."

Wanza aliitikia kwa kichwa. "Alilia?"

"Siku ya kwanza alilia, sauti ndogo sana. Asubuhi ile hakulia. Alichoka tu."

"Alikuwa peke yake?"

"Hapana. Nilimshika mpaka mwisho."

Wanza alijifuta macho kwa leso yake, ile ile yenye ukingo uliochomoka uzi. Akamfunga mtoto mgongoni, akashukuru, akaenda zake.

Kila anapoleta mtoto kliniki, huuliza tena. Faiza huketi, akamwambia tena kuhusu nywele, sikio na vidole. Hapunguzi kitu, wala haongezi.